Swali Moja kwa Kila Haragwe: Mama Mose na Miaka Thelathini na Minne ya Maabara

Alhamisi tarehe 31 Julai 2025, saa sita mchana, Bi. Nyakerario Mokua, ambaye shule nzima inamwita Mama Mose, atamkabidhi mwalimu mkuu funguo za maabara ya fizikia na kushika njia ya kwenda kwake Keumbu. Atakuwa ametimiza miaka sitini ya umri, na miaka thelathini na minne na miezi miwili ya kazi katika shule yetu hii ya wasichana hapa nje ya Keroka. Kamati ya sherehe imenipa kurasa chache za kijarida nimweleze. Mwalimu mkuu naye ameniomba sana nisiweke fomula hata moja, kwa sababu kutakuwa na wageni. Nitajitahidi.

Kwa wageni wasionijua, mimi ni Odero, mwalimu wa fizikia, mtu wa upande wa ziwa. Nimefanya kazi na Mama Mose miaka ishirini na miwili, na ningeweza kujaza kijarida chote kwa vituko vyake tu. Lakini kuna jambo moja lililonikaa kooni kwa miaka minne, linamhusu msichana aitwaye Purity, na haliwezi kusimuliwa bila Mama Mose. Nimeamua kulitoa leo, mbele ya watu, kabla hajaondoka. Nitalifikia, msinikimbize.

Mama Mose aliajiriwa na bodi ya shule mwezi wa Mei 1991, akiwa na cheti cha kidato cha nne na barua moja ya kasisi wa Kiadventista iliyosema kwamba ni mwaminifu na hapendi umbea. Kazi aliyopewa ilikuwa kuosha vyombo vya maabara. Wakati huo maabara ilikuwa chumba kimoja cha masomo yote ya sayansi, chenye jiko la mafuta ya taa, bika saba na kipimajoto kimoja kilichofungiwa kabatini kama hati ya shamba. Akaosha bika hizo miaka sita. Huku anaosha, anasikiliza. Likizo zikifika, wenzake wakienda kuchuma chai, yeye alikuwa akipanda gari kwenda Kisumu kusomea ufundi wa maabara, na mwaka 1997 akarudi na cheti chake akakitundika nyuma ya mlango, mahali ambapo hakionekani mlango ukiwa wazi. Nilipomwuliza kwa nini alikitundika hapo, alinijibu kwamba anayekihitaji atafunga mlango.

Ametumikia walimu wakuu sita. Ameandaa mtihani wa taifa wa vitendo mara ishirini na nane, na hakuna mwaka hata mmoja ambao msichana alikosa saa ya kupimia au waya. Mwaka ule umeme ulipokatika asubuhi ya mtihani, wasimamizi walishika vichwa, naye akaingia stoo akatoka na betri za kutosha kila meza, zote zimepimwa na kuandikwa tarehe. Alikuwa amezipima wiki moja kabla, eti alihisi tu.

Mimi nilikutana naye Januari 2003, siku yangu ya kwanza, nikiwa na shahada mpya na pua iliyoelekea mawinguni. Nilimwona mama mmoja anapangusa meza, nikaambiwa ndiye msaidizi wa maabara, nikamwandikia orodha ya vifaa kwa herufi kubwa kubwa kama namwandikia mtoto wa darasa la kwanza. Alileta kila kitu. Kando ya orodha akaweka voltimita, ambayo sikuwa nimeiomba. Nikamwuliza kwa ukali hiyo ni ya nini. Aliisogeza tu karibu na mchoro wangu ubaoni, nami nikaona kwamba nilikuwa nimechora amita mahali pa voltimita, na kwamba dakika kumi baadaye ningekuwa nimeiunguza amita ya shule mbele ya wasichana arobaini. Nilifuta ubao haraka. Mpaka leo hajawahi kumwambia mtu yeyote. Nimejisema mwenyewe leo.

Wasichana waliopita hapa wanaikumbuka koili yake. Kaka yake, Okemwa, alikuwa na mashine ya kusaga huko Nyamarambe, na mota ilipoungua Mama Mose akaomba maiti yake. Alifungua waya wote wa shaba, akausafisha, akauzungusha upya kwenye bomba la plastiki, mizunguko mia nne, akihesabu kwa sauti jioni tatu mfululizo huku mzee wake, Mokua, akidhani mke wake anasali. Ukiingiza sumaku ndani ya koili ile, sindano ya galvanomita inaruka. Ukiiacha sumaku imelala mle ndani, sindano inarudi sifuri na kutulia. Hapo ndipo wasichana huanza kuuliza. Sumaku si ipo? Waya si upo? Mbona ni mpaka kitu kibadilike ndipo umeme utokee? Mimi ningewapa sheria na jina la aliyeigundua, tukaendelea. Mama Mose angewaachia koili wacheze nayo mpaka kengele, na wakitoka wanabishana njiani, alikuwa anafurahi siku nzima.

Sasa niwaeleze kuhusu daftari, maana wageni huenda hawajui. Hapa kwetu, miezi ya mvua, mvua huja saa tisa alasiri kama mtu aliyeajiriwa. Inapiga mabati mpaka huwezi kusikia sauti yako mwenyewe. Walimu wengine hukaa chini wakasahihisha vitabu. Mama Mose aliona hasara hiyo, akaanza kugawa vikaratasi: asiyesikika na aandike. Msichana akiandika swali, yeye analisoma na kujibu chini yake kwa kalamu nyekundu, karatasi inarudi. Yale yaliyomshinda aliyanakili kwenye daftari pamoja na jina la mwenye swali na tarehe. Sheria zake zilikuwa mbili tu. Hakuna kucheka swali la mtu, na swali likipata jibu, jibu linapelekwa kwa mwenyewe, hata kama mwenyewe alishamaliza shule.

Na kweli alikuwa anayapeleka! Mwaka 2009 tulialikwa harusi huko Nyamira. Tukiwa kwenye foleni ya chakula, Mama Mose akatoka kwenye mstari, akamwendea bibi harusi mezani, akamwinamia sikioni. Sisi tulidhani anampa mawaidha ya ndoa. Kumbe anamweleza kwa nini chai iliyo kwenye sufuria nyeusi ya masizi hupoa upesi kuliko ya kwenye sufuria inayong'aa, swali ambalo msichana yule aliandika mwaka 2001. Bibi harusi alicheka mpaka shela ikateleza, halafu, naapa, akamwomba arudie. Bwana harusi alisimama na sahani yake asijue ameoa nini.

Siku ambayo huwezi kumpata kwa swali lolote ni Sabato. Kuanzia Ijumaa jua likizama, fizikia imefungwa. Msichana mmoja aliwahi kumfuata mpaka nje ya kanisa kumwuliza kuhusu lenzi, akajibiwa kwamba mwanga utakuwepo hata kesho.

Basi tuje kwa Purity. Purity Mong'ina alikuwa Kidato cha Tatu mwaka 2021, mtoto wa wakulima wa chai kutoka upande wa Nyamira, mwembamba, mwenye sauti ndogo. Tulikuwa tunaanza gesi. Mama Mose alifungua chupa ya marashi kwenye kona ya maabara, na sisi tukasubiri harufu itufikie meza kwa meza, kila msichana akiinua mkono inapomfikia. Somo lilikwenda vizuri. Ndipo Purity akasimama akauliza swali lake. Alisema kwamba dakika tano zilizopita alijua marashi yako wapi: kwenye chupa, kwenye kona. Sasa yametapakaa na hajui tena chembe ipi iko wapi. Chembe hazijapotea, zote zimo humu chumbani. Kule kujua kwake ndiko kumepotea. Je, kumekwenda wapi?

Nilikuwa nimechelewa kwenye ratiba kwa wiki mbili. Nilimwambia kwamba swali hilo haliko kwenye silabasi, kwamba mtihani wa taifa hautamwuliza, na kwamba kama anataka kujua mambo yanakokwenda, aanze kwa kujua alama zake za muhula uliopita zilikwenda wapi. Darasa likaangua kicheko. Purity akakaa chini. Nikaendelea kuandika ubaoni, na kengele ilipolia nikachukua vitabu vyangu nikatoka wa kwanza.

Unaweza kuwa mwalimu miaka mingi na usijue ni siku gani umemvunja mtoto. Mimi yangu ninaijua, kwa sababu kuanzia siku ile Purity hakuniuliza tena swali lolote mpaka alipomaliza. Alifaulu vizuri sana, akaenda chuo kikuu kusomea fizikia, na mimi nilijipiga kifua kwenye mkutano wa wazazi. Lakini kila nikifungua chupa ya marashi darasani, ninaona aibu.

Jumatatu tarehe 17 Februari mwaka huu, wakati wa chai ya saa nne, Mama Mose alinijia na simu yake mkononi. Purity, sasa yuko mwaka wa pili, alikuwa amemtumia ujumbe mrefu wa WhatsApp, ujumbe wa kuviringisha kwa kidole mara sita. Ulikuwa na maswali mawili. La kwanza: mhadhiri amefundisha kitu kinaitwa entropia, akasema ni kipimo cha jinsi joto linavyotawanyika, halafu wiki iliyofuata akasema ni kipimo cha habari tusizokuwa nazo kuhusu gesi. Wote wameandika, yeye hajaelewa hata kidogo, na anaona aibu kuuliza katika ukumbi wa watu mia mbili. La pili: anafikiria kuhama fizikia aende sayansi ya kompyuta. Fomu ya kuhama inafungwa Ijumaa tarehe 14 Machi. Anajiona mjinga, anadhani fizikia si yake. Madam anamshauri nini?

Nilisoma ujumbe wote. Nilimwambia Mama Mose anipe simu nimwandikie sasa hivi, nimwambie asithubutu kuhama, kwamba ana akili, kwamba shule nzima inajivunia yeye. Mama Mose aliirudisha simu mfukoni mwa koti lake jeupe. Yaya, hapana, akasema, hukuulizwa wewe, Odero. Na hata mimi niliyeulizwa nitajibu la gesi kwanza, kwa sababu mtu aliyepotea njia usimwambie achague njia, mwonyeshe kwanza amesimama wapi. Nilikasirika, siwafichi. Nilimwona anacheza na maisha ya mtoto, huku zikiwa zimebaki siku ishirini na tano.

Tatizo ni kwamba jibu hakuwa nalo. Wala mimi sikuwa nalo. Mimi entropia niliyosoma chuoni ilikuwa ya joto na mvuke na injini, kugawanya hiki kwa kile, ukishapata namba unapiga mstari chini. Habari zimeingiaje humo? Tulianza kubaki maabara baada ya masomo, yeye na mimi na vitabu nilivyoazima Kisii mjini. Tulidondosha wino kwenye bika la maji tukautazama ukienea. Vizuri, umeenea, sasa tuhesabu nini? Tukaja kwenye maharagwe. Mama Mose alichukua sinia ya mbao, akaweka rula katikati kuwa ukuta, akahesabu maharagwe mekundu mia moja upande wa kushoto na ya njano mia moja upande wa kulia. Unaondoa rula, unatikisa, yanachanganyika. Tulitikisa sinia ile siku nne. Kila siku yalichanganyika, na kila siku tulitazamana.

Wiki ya pili mitihani ya majaribio ikahitaji meza zote, kwa hiyo Mama Mose akaihifadhi sinia kwenye stoo ya jikoni. Hilo lilikuwa kosa. Asubuhi yake Nyaboke, mpishi wetu, mama ambaye hajawahi kuona haragwe akaliacha bila kazi, alikuta mia mbili yamepangwa vizuri kwenye sinia, akashukuru aliyemchambulia, akayamimina kwenye sufuria ya githeri. Saa saba mchana wasichana mia nne walikula utafiti wetu. Mama Mose alipojua, alikaa kwenye kiti cha jikoni akacheka mpaka machozi. Mimi sikucheka. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja.

Nyaboke alisikitika, akaahidi kutupa mengine. Lakini gunia lililobaki lilikuwa la mchanganyiko, mekundu na ya njano pamoja. Akaketi na ungo wake akaanza kuyatenga, na mimi nikasimama mlangoni nikitazama saa. Nilimwuliza mbona anachukua muda mrefu. Nyaboke alinijibu bila kuinua macho, kwa sauti ya mtu asiyelipwa kwa kazi hiyo. Alisema kila haragwe lazima aliulize kwao ni wapi, huku au kule. Swali moja kwa kila haragwe, na yako mia mbili, Mwalimu afanye hesabu mwenyewe. Kisha akaongeza kwamba kama gunia lingekuwa jekundu tupu angekuwa ameshamaliza na kunywa chai, kwa maana yote yakiwa mamoja, atauliza nini?

Mama Mose alikuwa ameshika kopo la maji. Alilitua chini polepole. Akamwomba Nyaboke arudie alichosema, na Nyaboke, akidhani amekosea adabu mbele ya mwalimu, akaanza kuomba msamaha. Mama Mose alimshika mabega akamwambia hapana, dada yangu, rudia hivyo hivyo.

Wageni wetu, hebu tazameni jambo hili pamoja nami, ni rahisi na ni zuri. Kabla hujaondoa rula, hakuna swali la kuuliza: mekundu yako kushoto, ya njano yako kulia, unajua. Ukiondoa na kutikisa, kila haragwe limejiwekea swali lake moja. Maharagwe yale yale, sinia ile ile, uzito ule ule. Kilichoongezeka ni maswali ambayo ungehitaji kuuliza ili ujue tena ulichokuwa unajua. Na pande zote mbili zikiwa na maharagwe ya aina moja, ondoa rula utakavyo, hakuna swali jipya. Gesi ni hivyo hivyo. Entropia yake ni hesabu ya maswali. Kule kujua kwa yule msichana mwenye sauti ndogo hakukwenda mahali popote. Kuligeuka kuwa maswali, moja kwa kila chembe ya marashi.

Nilikimbilia maabara, mtu mzima, nikipita katikati ya madimbwi. Nilichukua gesi ya kitabuni inayochanganyika na nyingine vile vile, nikafanya hesabu ya zamani, ile ya joto na mvuke niliyoisoma chuoni, kisha, baada ya kuziweka zote kwenye kipimo kimoja, nikaigawa kwa hesabu ya maswali ya Nyaboke. Nimeahidi kutoweka fomula, kwa hiyo nitasema tu kwamba jibu lilitoka moja. Moja kamili, bila desimali. Miaka ishirini na miwili nilikuwa nafundisha gesi, na sikuwa nimewahi kuiona namba ile. Nilibaki nimeketi peke yangu nikiitazama, nikiwa na furaha ya ajabu, na aibu pia, zote pamoja.

Tulimrekodi Nyaboke kwa simu, mikono yake tu na ungo, naye akieleza kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kikisii, na Mama Mose akitafsiri maharagwe kuwa gesi. Video ikatumwa Jumatano tarehe 5 Machi. Purity akarudisha moyo mmoja mwekundu na maneno mawili, asante Madam. Basi. Hakusema ameelewa, hakusema anabaki wala anaondoka. Nilimsihi Mama Mose amwulize. Akakataa. Tarehe 14 ikafika, ikapita, na mimi kila asubuhi nilikuwa nachungulia dirisha la maabara kama anayesubiri matokeo ya hospitali.

Jumatatu tarehe 17 Machi, wakati ule ule wa chai, simu ikalia. Mama Mose aliiweka mezani, akawasha spika bila mimi kumwomba, akamwambia Purity kwamba Mwalimu Odero yupo. Purity alitusalimu kwa heshima. Alisema ameitazama video ile mara tisa, na mara ya tatu alikuwa amesimama juu ya kitanda cha bweni. Alisema alichokuwa anakipenda miaka yote hakikuwa gesi yenyewe, ni zile hesabu za kutojua, na kwamba amegundua kuna watu ambao kazi yao ya kila siku ni hiyo: kupima habari, kuzibana, kuzituma mbali zisipotee. Wako kwenye sayansi ya kompyuta. Kwa hiyo Alhamisi alimaliza kujaza fomu, Ijumaa asubuhi akaipeleka mwenyewe. Amehama. Lakini alitaka Madam ajue kwamba alipoanza kuijaza Februari alikuwa anakimbia, na alipoimaliza Machi alikuwa anakwenda.

Mama Mose alipiga vigelegele pale pale, kwenye maabara, na wasichana wa Kidato cha Pili wakachungulia mlangoni. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa meza. Nilitaka abaki. Nilitaka sana, na wakati huo ndipo nilipoelewa kwa nini: akibaki kwenye fizikia, nitakuwa sikumfukuza. Nilitaka maisha ya mtoto wa watu yanisafishe mimi. Mama Mose alinitazama usoni, akaisogeza simu karibu yangu, kama alivyoisogeza voltimita zamani, akatoka nje kuwatuliza wasichana.

Nikamwambia. Nilimkumbusha siku ya marashi, na maneno yangu kuhusu alama zake, na kicheko cha darasa. Nilimwambia nimeyabeba miaka minne na kwamba naomba anisamehe. Nikasikia kelele za chuo upande wa pili, milango, watu wanaitana. Kisha Purity akasema, kwa upole, kwamba hakumbuki. Siku anaikumbuka, marashi anayakumbuka. Mimi kusema hayo, hakumbuki kabisa. Anachokumbuka ni kwamba kengele ilipolia alibaki kufunga chupa, na Madam akamwuliza swali lake lilikuwa lipi hasa, akalisikiliza lote, kisha akamwambia kwamba hajui. Alisema hakuwahi kumsikia mtu mzima akisema hivyo, si nyumbani, si kanisani, si darasani. Madam alisema hajui huku anatabasamu, kana kwamba amepewa zawadi. Siku hiyo ndiyo aliyoamua kwamba atasoma mpaka mwisho. Na hakunyamaza kwa sababu yangu. Maswali yake yote yaliyofuata aliyapeleka kule yalikopokelewa vizuri.

Nilimshukuru, nikakata simu. Sijui kama nimesamehewa au nimesahauliwa, na nimeamua kutomwuliza tena.

Bodi, walimu, wafanyakazi na wasichana wote tunamshukuru Bi. Nyakerario Mokua kwa miaka aliyotupa. Tunamshukuru Mzee Mokua na kijana wao Mose kwa kutuazima mama yao mpaka jioni. Nyaboke ameahidi kwamba chakula cha sherehe hakitakuwa na maharagwe ya mtu. Mama Mose, nenda ukapumzike, ukachume chai yako bila kengele, ukatembelewe na wasichana wako wote wenye maswali. Mungu akupe afya na siku nyingi za amani huko Keumbu.

Wiki iliyopita msichana wa Kidato cha Tatu aliniuliza jambo nisilolijua, darasa zima linasikia. Nilimwambia sijui. Sauti ilitetemeka kidogo, Mama, lakini ilitoka. Mbuya mono, asante sana.